Kusoma Gita, Upanishadi na Veda Kwenye Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu moja ya mkononi leo inabeba Rigveda yote, kongwe kati ya Veda nne za Wahindu, Mahabharata, utenzi mkuu wa vita wenye beti zinazokaribia laki moja, na kamusi ya Kisanskriti iliyochapwa 1899. Zamani ungelazimika kusafiri hadi Pune, Varanasi au Oxford kuviona vitabu hivyo mezani. Shida ya msomaji wa sasa ni nyingine: amepakua vingi, amesoma vichache, na hajui hicho alichosoma kimetoka toleo gani.

Maswali haya huulizwa na wasomaji wa Kiswahili wa aina nyingi. Wapo waliozaliwa katika nyumba za Kihindu Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, wapo wanafunzi wa dini na falsafa, na wapo walioletwa na yoga. Majibu yangu yote yanashikilia jambo moja: maandiko haya yalitungwa yasikilizwe na kukaririwa, kwa hiyo simu itakufaa zaidi ukisoma beti chache, ukijua namba zake, na ukizisikia kwa masikio yako.

Nianze na andiko gani?

Bhagavad Gita, ambayo ni sehemu ya Mahabharata. Ina sura 18 na beti 700, na kabla ya kuisoma unahitaji kujua hali ilivyo tu: majeshi mawili ya ukoo mmoja yamekabiliana katika uwanda wa Kurukshetra, Arjuna, shujaa wa upande mmoja, ameona babu, walimu na binamu zake upande wa pili, upinde unamponyoka mkononi, na Krishna, Mungu katika umbo la mtu, anayeendesha gari lake la vita, anaanza kumjibu.

Sura ya kwanza ina orodha ndefu ya majina ya mashujaa, na wengi hukata tamaa hapo. Ipitie upesi, kisha tulia kwenye sura ya 2, yenye beti 72. Karibu kila hoja ya kitabu imeguswa humo: nafsi isiyokufa, wajibu wa mtu, kutenda bila kung'ang'ania matunda, na sifa za aliyetuliza akili. Ikikulemea, nenda sura ya 12, inayohusu ibada ya upendo, ambayo ina beti 20 tu, kisha urudi. Sura ya 15 nayo ina beti 20, na katika ashrama nyingi, yaani makao ya walimu wa dini na wanafunzi wao, huimbwa kabla ya chakula.

Baada ya Gita, soma Katha Upanishadi, moja ya Upanishadi, maandiko ya falsafa yanayofunga Veda. Kijana Nachiketa anakwenda nyumbani kwa Yama, mfalme wa mauti, na kumngoja siku tatu bila kula. Yama anaporudi anamlipa kwa kumpa haki ya kuomba mambo matatu. La tatu Nachiketa analitumia kuuliza: mtu akifa, anabaki au habaki? Yama anamwahidi mifugo, dhahabu, umri mrefu na watoto, alimradi aliache swali hilo. Kijana anakataa vyote. Sijui mlango mzuri zaidi ya huo wa kuingilia Upanishadi.

Ukipenda hadithi kuliko hoja, chukua Ramayana ya Valmiki: vitabu saba, beti zipatazo 24,000. Hiyo si kazi ya wiki moja.

Veda ndizo kongwe kuliko yote. Kwa nini nisianzie huko?

Kwa sababu utaziacha. Rigveda ina tenzi 1,028 katika vitabu kumi, lugha yake ni ya kale kuliko Kisanskriti cha Gita, na sehemu kubwa imefungamana na ibada za moto ambazo msomaji mgeni hana picha yake. Tafsiri za bure nyingi ni za karne ya 19, na Kiingereza chake kinachosha.

Ila si vibaya kuonja. Fungua tenzi 1.1 (kitabu cha 1, tenzi ya 1), wito kwa Agni, mungu wa moto. Kisha ubeti 3.62.10, ule unaoitwa Gayatri, ambao mamilioni ya watu huukariri alfajiri. Kisha tenzi 10.129, yenye beti saba, inayouliza ulimwengu ulitoka wapi. Inamalizia kwa kusema kwamba yule anayeusimamia kutoka mbingu ya juu kabisa anajua, au pengine naye hajui. Isome hiyo polepole sana.

Tahadhari moja: programu zinazojiita "Veda zote nne" mara nyingi hubeba Samhita tu, yaani tenzi na mantra. Kwa ujumla Veda zina tabaka nyingine tatu, Brahmana (maelezo ya ibada), Aranyaka (maandiko ya msituni) na Upanishadi, nazo utazikuta mahali pengine.

Lazima nijue Kisanskriti?

Hapana. Mohandas Gandhi aliisoma Gita kwa mara ya kwanza London mwaka 1889, akiwa mwanafunzi wa sheria, kupitia tafsiri ya kishairi ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Aliona haya kwamba hakuwahi kuisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati, lugha ya mama yake. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kigujarati.

Hata hivyo jifunze Devanagari, hati inayotumika sana kuandikia Kisanskriti. Inasomeka kama inavyoandikwa, na ukitumia dakika chache kila siku, baada ya majuma machache utakuwa unaufuata ubeti huku ukiusikiliza. Kama nyumbani mnasoma Kigujarati, huna haja hata ya hilo mwanzoni: kuna zana ya mtandaoni iitwayo Aksharamukha inayogeuza maandishi kutoka hati moja ya India kwenda nyingine. Bandika ubeti wa Devanagari, uchague Kigujarati, usome. Kisanskriti hakijawahi kuwa na hati moja tu. Kimeandikwa kwa Kitelugu, Kikannada, Grantha, Kibengali na nyinginezo.

Tafsiri ipi ni nzuri, na zipi ni za bure?

Chukua mbili, zenye tabia tofauti. Moja iwe ya zamani na huru kisheria, nyingine iwe ya mtaalamu wa sasa, hata kama utailipia.

Za bure ni zile ambazo haki zake zimekwisha: ya Arnold (1885), ambayo ni ushairi, na ya Kashinath Trimbak Telang (1882), ambayo ni nathari na inafuata maneno kwa karibu zaidi. Zote mbili zinapatikana mtandaoni. Ya Arnold inapendeza masikioni lakini imejipa uhuru mwingi. Usiitumie kubishana juu ya maana ya ubeti fulani.

Elewa pia kwamba matini ya Kisanskriti yenyewe haina mwenyewe, lakini tafsiri mpya ina mwenyewe. Faili la PDF la kitabu cha miaka ya karibuni linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni kazi ya mtu iliyochukuliwa bila ruhusa. Nunua, au tumia za zamani.

Mashirika mengi ya kidini nayo hutoa matoleo yao bila malipo, na hapo ndipo swali linalofuata linapoanzia.

Programu mbili zinaeleza ubeti mmoja kwa namna zinazopingana. Ipi ni sahihi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Gita imekuwa ikielezwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na waelezaji wake wakuu hawakubaliani. Shankara anasoma humo kwamba nafsi na Brahman, yaani uhalisi mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, na kwamba ujuzi ndio unaokomboa. Ramanuja, aliyefundisha kusini mwa India katika karne ya 11 na ya 12, anasema nafsi na ulimwengu ni halisi, vimo ndani ya Mungu kama mwili wake, na njia ni kujikabidhi kwake kwa upendo. Madhva, wa karne ya 13, anasisitiza kwamba Mungu na nafsi ni vitu viwili daima.

Chukua ubeti 18.66, ambapo Krishna anamwambia Arjuna aache dharma zote, yaani wajibu zote, na kumkimbilia yeye peke yake. Shankara anausoma kama kuacha matendo yote ili kubaki katika ujuzi. Kwa wafuasi wa Ramanuja, huo ndio ubeti wa kilele, msingi wa fundisho lao la kujisalimisha kwa Vishnu, ambaye Krishna ni umbo lake. Maneno ni yale yale kwenye kioo cha simu yako. Njia ni mbili.

Sasa, programu nyingi hukupa maelezo ya mkondo mmoja bila kukuambia kwamba ni mkondo mmoja. Ya ISKCON, yaani harakati ya Hare Krishna, inafuata Uvaishnava (ibada ya Vishnu) wa Bengali, kama alivyoufundisha A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada. Za wafuasi wa Shankara zinafuata Shankara. Hakuna ubaya wowote. Ndivyo mapokeo yalivyokuwa tangu zamani, mtu hujifunza kwa mwalimu wa mstari fulani. Ila ujue uko kwa nani. Kabla ya kusoma maelezo yoyote, fungua sehemu ya "kuhusu sisi" uone nani ameandika na wa mkondo gani. Kama huoni jina la mtu wala la taasisi, ifute.

Kwa kulinganisha, tovuti ya Gita Supersite ya IIT Kanpur, taasisi ya teknolojia nchini India, inakuwezesha kuchagua maelezo ya waandishi kadhaa na kuyaona chini ya ubeti ule ule. Kwenye simu inabana kidogo, lakini inafanya kazi.

Mwalimu amesema "13.5", mimi kwenye simu naona kitu kingine. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Sura ya 13 ya Gita ina beti 34 katika matoleo mengi, na 35 katika mengine, kwa sababu baadhi huweka mwanzoni ubeti mmoja wa swali la Arjuna. Ukiwa na toleo hilo, kila namba ya sura hiyo inasogea kwa moja, na jumla ya Gita inakuwa 701. Mkikutana kujadili, soma maneno ya kwanza ya ubeti badala ya namba peke yake. Ndivyo wasomi wa jadi wanavyofanya hata leo.

Kwenye Mahabharata tofauti ni kubwa zaidi. Toleo la kisomi lililotayarishwa na Taasisi ya Bhandarkar, Pune, kati ya 1919 na 1966, lilipunguza beti nyingi zilizoonekana kuongezwa baadaye, likabaki na zipatazo 75,000. Katika toleo hilo Gita ni sura ya 23 hadi 40 za kitabu cha sita, Bhishma Parva. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli ni ya 25 hadi 42. Andika daima namba pamoja na jina la toleo.

Naona vijisanduku badala ya herufi. Nifanyeje?

Simu za sasa zinakuja na Devanagari tayari, kwa kuwa Kihindi kinaitumia. Ukiona vijisanduku, ama simu ni ya zamani, ama faili lina alama za lafudhi ya Veda: mstari mdogo chini ya silabi, au mstari wima juu yake. Alama nyingi za aina hiyo ziliingizwa rasmi katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa namba za herufi, mwaka 2009, na si kila fonti inazijua. Tafuta programu ya kusomea inayokuruhusu kuchagua fonti, kisha weka ya familia ya Noto, ambayo ni ya bure.

Ukiona herufi za Kilatini zisizo na maana yoyote mahali pa Kisanskriti, hilo ni faili lililoandikwa zamani kwa fonti zisizofuata Yunikodi. Halirekebishiki kwa urahisi. Tafuta nakala nyingine.

Nikitafuta neno ndani ya programu silipati, na nina hakika limo.

Limo, ila limeungana na jirani yake. Katika Kisanskriti maneno yanapofuatana huyeyuka moja ndani ya jingine. Kanuni hizo zinaitwa sandhi. Ubeti 2.47, unaojulikana kuliko wote, unaanza hivi: *karmaṇyevādhikāraste*. Ndani yake kuna maneno manne: *karmaṇi*, *eva*, *adhikāraḥ*, *te*. Ukiandika "karmani" kwenye kisanduku cha kutafutia, hupati kitu, kwa kuwa ile *i* ya mwisho imegeuka *y*.

Kwa hiyo tafuta kipande kifupi cha katikati au cha mwanzo, mfano "karma" badala ya neno zima. Angalia pia programu inatumia uandishi gani. Neno hilo moja unaweza kulikuta kwa Devanagari, au kwa herufi za Kilatini zenye vitone na vistari juu, au kwa mtindo wa kibodi usio na vitone: *karmaNyevAdhikAraste*. Mashine inayoona herufi tu haitambui kwamba yote matatu ni kitu kimoja.

Njia bora zaidi ni kutumia toleo lenye *padaccheda*, yaani lililotenganisha maneno chini ya kila ubeti. Ukishapata neno peke yake, lipeleke kwenye kamusi za Chuo Kikuu cha Cologne, zinazopatikana bure mtandaoni, ikiwemo ile kubwa ya Monier-Williams ya 1899. Kumbuka kwamba kamusi hupanga mashina, si maneno yaliyokwisha kunyambuliwa: utatafuta *phala*, hutaliona *phaleṣu*. Hapo mwanzoni utapotea mara nyingi. Inazoeleka.

Nitamkeje? Nikisoma kwa sauti nahisi nasoma Kiswahili.

Irabu za Kiswahili zinakusaidia kuliko za Kiingereza, shukuru kwa hilo. Mitego iko kwenye konsonanti. Kwenye Kisanskriti kilichoandikwa kwa Kilatini, *dh* si ile ya "dhahabu", na *th* si ile ya "thamani". *Dharma* ni *d* inayofuatwa na pumzi. *Artha* ni *t* inayofuatwa na pumzi. *Ph* ya *phala* si *f*. Herufi *c* peke yake ni "ch" yetu. *Ś* na *ṣ* zote zinakaribia "sh", ya pili ulimi ukiwa umekunjwa nyuma.

Kisha mkazo. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, tukitaka tusitake, na ndiyo maana tunasema "ramaYAna" na "arJUna". Kisanskriti hutazama urefu wa silabi: ni "raMAyana", ni "ARjuna", ni "mahaBHArata". Mtu mzima hawezi kusahihisha hili kwa macho. Sikiliza rekodi, urudie.

Kusikiliza kuna umuhimu gani hasa, kama ninaelewa ninachosoma?

Rigveda ilihifadhiwa kwa kinywa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Taasisi ya Bhandarkar inatunza nakala 30 za mkono za Rigveda ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2007 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, na iliyo kongwe kati ya hizo zenye tarehe ni ya 1464. Usomaji wa Veda kwa sauti wenyewe ulitangazwa na UNESCO mwaka 2003 kuwa urithi wa binadamu usioshikika. Wasomaji hao hawakutegemea kumbukumbu ya kawaida. Walikariri matini kama ilivyo, kisha neno moja moja, kisha kwa jozi: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Namna ngumu zaidi hurudi nyuma na kwenda mbele tena, la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili, ili neno lisiweze kudondoka wala kuongezeka bila kugunduliwa.

Mbinu ya jozi ijaribu mwenyewe na ubeti mmoja wa Gita. Utashangaa jinsi unavyokaa kichwani.

Anayejua shairi la Kiswahili ana faida kubwa hapa. Shloka ya kawaida ina mizani 32 katika mishororo miwili, kila mshororo mizani 16, nane na nane, sawasawa na ukwapi na utao tunaouhesabu kwa vidole. Vina haidai, badala yake hupangilia silabi nyepesi na nzito. Ukishaisikia mizani hiyo, utajua mwenyewe pale unapokosea kusoma, kwa sababu ubeti utachechemea. Na ukifika sura ya 11, Arjuna anapooneshwa umbo la ulimwengu wote, kuanzia ubeti wa 15 mizani inabadilika na kuwa 11 kwa kila kipande, hadi ubeti wa 50. Hata kabla hujaelewa neno lolote, sikio linajua kwamba kuna jambo kubwa limetokea. Tafsiri nyingi hazikuoneshi hilo kabisa.

Kwa vitendo: pakua rekodi ya sura moja, punguza kasi hadi robo tatu, sikiliza ubeti mara kadhaa bila kutazama, kisha tazama. Soma huku umeilaza simu kwa upana ili mizani 16 ikae kwenye mstari mmoja. Ikisimama wima, mshororo unakatwa katikati na macho yanapoteza mdundo.

Bando langu ni dogo. Nipakue nini?

Matini tupu. Beti zote 700 za Gita kwa Devanagari hazifikishi MB moja. Kinachokula bando ni kurasa zilizopigwa picha, ambapo kitabu kimoja kinaweza kufika makumi ya MB, na video. Pakua EPUB badala ya PDF pale inapowezekana: herufi zinakuzwa bila kusukuma ukurasa huku na huko. Project Gutenberg inatoa Arnold na Ganguli kwa EPUB. Rekodi za sauti pakua mara moja mahali penye Wi-Fi, ziweke kwenye memori kadi, kisha soma ukiwa umezima data kabisa. Ujumbe ukiingia katikati ya ubeti, fikra imekatika.

Naweza kumuuliza roboti wa akili mnemba au kutumia tafsiri ya mashine?

Google iliongeza Kisanskriti kwenye huduma yake ya kutafsiri mwaka 2022. Kwa sentensi fupi za nathari inasaidia. Kwa ushairi wenye sandhi inateleza, na haikuambii kwamba imeteleza.

Akili mnemba zinaweza kukueleza kanuni ya sarufi vizuri, lakini zina tabia ya kutaja namba ya ubeti ambao hausemi hayo, au kutunga ubeti mzima wenye sura ya kweli. Sharti langu ni moja: kila ukipewa namba, fungua matini uusome ubeti wenyewe kabla ya kumtumia mtu mwingine. Sharti hilo linahusu pia picha za maneno ya hekima. Yale maneno maarufu ya "kilichotokea kilikuwa chema, kinachotokea ni chema, kitakachotokea kitakuwa chema", yanayobandikwa ukutani kama kiini cha Gita, hayamo katika ubeti wowote wa Gita.

Je, ni kukosa adabu kusoma maandiko kwenye simu?

Katika nyumba nyingi za Kihindu kitabu kitakatifu hakiwekwi sakafuni, na mguu ukikigusa kwa bahati mbaya mtu hukigusa kwa mkono kisha akapeleka mkono machoni au kwenye paji la uso. Wengi hunawa kabla ya kusoma. Kuhusu simu, hakuna amri moja inayowafunga Wahindu wote. Wapo wanaoiheshimu kama kitabu wakati andiko limefunguliwa, na wapo wanaosema simu ni chombo tu.

Mimi naona heshima ianze na kuzima arifa. Nawa, kaa, weka simu juu ya kitu kilichoinuka, usisome umelala ukielekeza miguu kwenye kioo, na usisomee chooni. Ukienda hekaluni uliza kwanza: baadhi, kama Akshardham ya Delhi, haziruhusu simu kuingia kabisa.

Mimi si Mhindu. Ninaruhusiwa?

Gita na tenzi za kishujaa, ndiyo, bila shaka. Kihistoria kujifunza Veda kwa mwalimu kulifungwa kwa wanaume wa tabaka za juu waliopitia jando la uzi mtakatifu, na wanawake na Washudra, watu wa tabaka la chini, walizuiwa. Bhagavata Purana yenyewe inasema Mahabharata ilitungwa kwa ajili ya hao waliozuiwa. Kizuizi hicho kilipingwa vikali na warekebishaji wa karne ya 19, akiwemo Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875 na kutaka Veda zifunguliwe kwa watu wote. Arya Samaj iko Nairobi tangu mwanzo wa karne ya 20.

Soma basi bila woga, lakini usiwafundishe wenye mapokeo dini yao kwa sababu umemaliza sura tatu.

Programu inaomba kuona namba zangu za simu na mahali nilipo.

Ikatae. Kuonesha ubeti hakuhitaji namba za jamaa zako. Na ile inayorusha tangazo la kamari kati ya Krishna na Arjuna, ifute leo.

Nipange ratiba gani?

Beti nne au tano kwa siku zinamaliza Gita katika miezi mitano hivi. Sikiliza, soma Kisanskriti hata kwa kudodosa, soma tafsiri mbili, kisha uandike kwa Kiswahili chako, kwenye daftari la karatasi, ubeti huo unasema nini. Kuandika huko ndiko kunakokuonesha usichokielewa. Wanaotaka siku ya kuanzia huchagua Gita Jayanti, siku ya kumi na moja ya mwezi unaokua katika Margashirsha, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ambayo huangukia Novemba au Desemba.

Nimemaliza Gita. Sasa nipakue Mahabharata yote?

Pakua, lakini usianze ukurasa wa kwanza. Utazama kwenye nasaba. Nenda kitabu cha pili, Sabha Parva, kwenye mchezo wa kete. Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna, anapoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake, na mwisho mke wake. Mke huyo, Draupadi, anaburutwa barazani na kuuliza swali la kisheria mbele ya wazee wote: mume wangu alijipoteza yeye kwanza au mimi kwanza, na kama alikwisha kuwa mtumwa, alikuwa na haki gani ya kuniweka rehani? Bhishma, mzee mwenye hekima kuliko wote barazani, anakiri kwamba hawezi kulijibu. Kisha ingia kitabu cha tatu, Vana Parva, utafute hadithi ya Savitri anayemfuata Yama hadi anamrudishia mumewe, na maswali ya Yaksha, pepo mlinzi, kando ya ziwa. Ukitoka hapo utarudi sura ya kwanza ya Gita, ile uliyoipitia upesi, na majina yote ya mashujaa yatakuwa ya watu unaowajua.